Mbio za Usiku Mwezi wa Ramadhani: Umeiona Gari, Je, Dereva Amekuona?

(Haya ni maneno ya mazungumzo yaliyotolewa mbele ya vijana baada ya sala ya taraweh, katika kumi la pili la Ramadhani. Tumeyaandika karibu kama yalivyosemwa.)



Wazee wangu, ndugu zangu, nanyi mabinti zetu mlioko upande wa pili wa pazia, na wewe unayesoma maneno haya nyumbani huku sahani ya kaimati iko mbele yako. Amma baad.

Mimi si shekhe, wala si daktari. Mimi ni dereva. Nimebeba mikate kwa pikapu miaka mingi, usiku kuliko mchana. Vijana wa chama walipokuja kunialika niliwaambia, mji huu umejaa mashekhe, mwanitakia nini mimi? Wakasema, "Ami, tunataka utueleze ule mkasa wa yule kijana wa jirani, halafu utwambie tufanyeje." Basi nimekuja na mkasa wangu, na utepe wangu mfukoni. Utepe nitaueleza baadaye.

Kwanza tukubaliane jambo moja. Watu wanakimbia usiku, na Ramadhani wanakimbia usiku zaidi. Sababu iko wazi. Mchana umefunga, jua la Mombasa walijua lilivyo, na huwezi kutoka jasho saa tisa alasiri na hakuna tone la maji litakaloingia tumboni mpaka magharibi. Kwa hivyo mazoezi yanahamia baada ya taraweh. Pita Mama Ngina saa nne usiku, hasa tangu pale patengenezwe mwaka 2019, uone watu. Wengine wako Makadara, wengine Tononoka, na walioko upande wa Nyali na Bamburi wanashika barabara kubwa. Nairobi nasikia ni hivyo hivyo, Eastleigh na South C. Kuna wanaojiandaa kwa mashindano ya mpira ya Ramadhani, kuna wenye sukari na presha ambao daktari amewaambia wasilale na futari tumboni, na kuna wanaotaka tu kanzu ya Idd iwaingie.

Kuna wazee wananiuliza, mwezi wa ibada, mbio za nini? Mimi nawajibu, kijana anayekimbia saa nne usiku simwogopei kama yule aliyeketi maskani shavu limejaa muguka. Mwache akimbie. Lakini arudi.

Sasa mkasa wenyewe. Ilikuwa Ramadhani ya mwaka 2017. Saa nne na kitu usiku, niko kwenye barabara ya kwenda Malindi, natoka kushusha mikate. Kipande kile taa za barabarani zilikuwa zimekufa, na zilikuwa zimekufa siku nyingi. Sikuwa na haraka. Mshale wa spidi ulikuwa hamsini, pengine na kidogo. Mbele yangu linakuja basi, taa kubwa zimewaka, dereva wake hakutaka kuzipunguza. Likanipita. Wewe unayeendesha wajua kinachofuata: sekunde moja, mbili, macho yamejaa weupe, barabara huioni.

Weupe ulipoondoka niliona raba mbili. Raba nyeupe, zinapanda na kushuka mbele ya gari yangu, hazina mwenyewe. Wallahi sikuona mtu, niliona viatu. Nikakanyaga breki kwa miguu yote miwili, makreti ya mikate yakaporomoka kule nyuma, gari ikaserereka. Iliposimama kulikuwa na viganja viwili juu ya boneti yangu. Kijana alikuwa amejizuia nayo, akarudi nyuma, akaketi chini kwenye mchanga kando ya lami. Magoti yalichubuka. Basi, ni hayo tu. Alhamdulillahi.

Nikashuka natetemeka, na mtu akitetemeka huanza na hasira. Nikamfokea, "Wewe huna macho?" Akaniinulia uso. Kumbe ni mtoto wa jirani yangu, nyumba ya tatu kutoka kwangu, tracksuit nyeusi tii juu mpaka chini. Akaniambia kwa sauti ya upole kabisa, "Ami, mimi nilikuona tangu mbali sana. Nilijua umeniona ndipo nikakata barabara."

Neno hilo ndilo lililonileta hapa leo. Nilijua umeniona.

Hebu lifikirie. Yeye yuko kizani, anaona taa mbili kubwa zinakuja, tena anaziona tangu huko mbali zikiwa kama nyota. Mwangaza ukimfikia mwilini anaona mikono yake mwenyewe, anaona kivuli chake, anahisi yuko jukwaani. Nafsi inamwambia, nuru hii yote, yule dereva atakosaje kuniona? Lakini nuru haifanyi kazi sawa kwa nyinyi wawili. Taa ya gari imeelekezwa kwako moja kwa moja, kwa hivyo jicho lako halina budi kuiona. Wewe huna taa. Dereva anasubiri ile nuru yake ikufikie, ikupige, kisha sehemu ndogo imrudie. Na kama umevaa nyeusi, nguo inaila karibu nuru yote, kinachorudi ni kidogo sana.

Si sisi peke yetu tunaodanganyika. Mwaka 1970 watafiti wa Marekani walichapisha kazi waliyoifanya juu ya jambo hili hili. Waliwaweka watu barabarani usiku, gari ikija kila mtu aseme ni wapi anadhani dereva ameanza kumwona, kisha wakalinganisha na pale dereva alipomwona kweli. Karibu wote walidhani wanaonekana mapema kuliko walivyoonekana. Kwa hivyo ukijiambia "mimi nina akili, nitajua," usijiamini. Hata wenye akili waliteleza.

Nikupe hesabu, manake mimi napenda hesabu za barabara. Gari inayokwenda kilomita 50 kwa saa inakula karibu mita 14 kila sekunde. Kabla mguu haujafika kwenye breki, mita hizo zimeshakwenda. Ukijumlisha na breki zenyewe, gari nzuri, lami kavu, dereva macho, inasimama baada ya mita 23 hadi 25. Kwa kilomita 80, mwendo wa basi na matatu kwenye barabara kubwa, ni kama mita 53. Zaidi ya nusu ya uwanja wa mpira.

Sasa weka na upande wa pili. Taa za gari zikiwa zimepunguzwa, mtu aliyevaa nguo nyeusi huonekana akiwa karibu mita 25 tu. Umefahamu? Kwa 50, mita anazokuona ndizo mita anazohitaji kusimama, na hapo hatujasema macho yamejaa taa za basi. Kwa 80, dereva akikuona ameshachelewa. Hata akiwa mchamungu, hata akiwa anakupenda kama mwanawe, mita hazipo. Mimi na yule kijana tulisalimika kwa upana wa kiganja, na raba nyeupe ndizo zilizomwokoa.

Ndiyo maana naudhika nikisikia mtu amegongwa usiku na watu wanasema tu "ilikuwa siku yake." Siku yake aijua Mwenyezi Mungu. Lakini Shirika la Afya Duniani limekadiria kuwa mwaka 2021 ajali za barabarani ziliua watu kama milioni 1.19 duniani, na kwamba kwa walio na umri wa miaka 5 hadi 29 hakuna kinachoua zaidi ya barabara. Umri huo ndio wenu. Na hapa Kenya wanaokufa wengi barabarani si wenye magari, ni waendao kwa miguu.

Wiki moja baada ya mkasa, yule kijana mwenyewe alinijia na wenzake. Walitaka kujua. Tukaenda uwanja wa nyuma ya madrasa baada ya taraweh, nikaegesha pikapu upande mmoja, nikawasha taa ndogo, taa za uwanja zikazimwa. Nikawaambia nendeni, tembeeni kwa mstari mpaka kule kwenye goli la mbali, kila mtu na nguo yake. Na kila mmoja akapata zamu ya kuketi kwenye usukani.

Wa nguo nyeusi alitoweka kwanza, hilo tulilitarajia. Wa pili kutoweka ndiye aliyetushangaza. Alikuwa na jezi nyekundu, ile ya timu yake ya Uingereza, na alikuja akijidai kwamba nyekundu inaonekana. Mchana ndiyo. Usiku jicho linapoteza wekundu kabla ya rangi nyingine, nyekundu inadidimia mpaka inakuwa kama nyeusi. Aliyevaa kanzu alikwenda mbali kuliko hao wawili. Kanzu nyeupe ni nguo njema ya usiku, ingawa kukimbia nayo sikushauri.

Kisha alikuwepo mmoja amevaa fulana ya manjano na kijani, ile rangi kali ya kuumiza macho ambayo mafundi wa barabara huvaa. Alinunua kwa pesa nzuri. Mchana inawaka kama moto. Usiku, mbele ya taa za pikapu, ilikuwa nguo ya rangi nyepesi tu, haikuzidi kanzu. Sababu ni kwamba rangi zile zinawaka kwa miale ya jua, na usiku jua halipo. Nakuomba uushike huo msemo usije ukatumia pesa zako vibaya: rangi kali ni ya mchana, utepe wa fedha ndio wa usiku.

Wa mwisho alikuwa na koti la bodaboda, lenye ile mistari ya kijivu inayorudisha mwanga, rifleketa. Huyo alifika kwenye goli, akapita goli, akafika ukuta wa nyuma, na bado alikuwa anawaka. Barabarani utepe kama ule huonekana mita 130 na zaidi. Siri yake ni chembe ndogo ndogo za kioo, kila chembe inaipokea nuru na kuirudisha kule kule ilikotoka. Kama macho ya paka chini ya gari. Kwa hivyo aliyesimama kando anaona kijivu tu, lakini dereva anaona taa. Ukitaka kujaribu nyumbani, weka tochi ya simu shavuni karibu na jicho, uimulike nguo kwa mbali. Usiposhika tochi karibu na jicho hutaona maajabu, na utasema Ami ni mwongo. Jaribu pia makoti ya zamani ya bodaboda, yaliyofuliwa na kusuguliwa mpaka mistari imekuwa kama kitambaa cha kawaida. Hayo yamekufa, usiyaamini.

Kuna jambo moja la usiku ule siwezi kuliacha. Mamake yule kijana alikuja kuchungulia. Akaomba aketi kwenye usukani, yeye ambaye hajawahi kuendesha hata baiskeli. Mwanawe akavaa ile tracksuit nyeusi, akaanza kutembea kwenda zake. Mama anamtazama, anamtazama, halafu ghafla hayupo. Akaliita jina lake. Kutoka kule kizani, mahali ambapo sisi sote hatukuona chochote, sauti ikajibu, "Naam, mama!" Mama alishuka garini bila kusema neno. Asubuhi yake ile tracksuit ilikuwa imeanikwa kambani, na imeshonwa utepe miguuni.

Miguuni, nasema, na kuna sababu. Ukivaa koti linalowaka kifuani, dereva anaona kitu kinang'aa. Huenda ni kibao, huenda ni pipa la wajenzi wa barabara. Anashangaa kwanza, na kushangaa ni mita. Lakini ukiwa na utepe kwenye vifundo vya miguu na kwenye viganja vya mikono, anaona nuru nne zinacheza, na akili ya mwanadamu inatambua mwendo wa mwanadamu mara moja. Wataalamu wa macho wamelipima jambo hili mara nyingi na jibu ni lile lile. Ukiwa na pesa ya kipande kidogo tu, anza na vifundo vya miguu. Fundi cherehani atakushonea juu ya lastiki, uvivae na kuvivua kama saa.

Taa je? Taa ya kichwani au tochi ya mkononi ni nzuri, inakuonyesha mashimo na inakuonyesha wewe. Ielekeze chini. Usimmulike dereva usoni, utampofusha kama basi lilivyonipofusha mimi.

Upande wa kukimbilia. Sisi Kenya gari zinapita kushoto, kwa hivyo wewe kimbia kulia, zinazokuja ziwe mbele ya uso wako. Usikubali gari ikujie mgongoni. Kwenye kona kali ya kulia ambapo dereva hawezi kukuona mpaka amekufikia, vuka mapema uende upande wa pili, ukiipita urudi. Na kama kuna njia ya miguu, ishike hiyo hata kama imevunjika vunjika. Lakini huku kwetu usitazame mbele tu. Bodaboda na tuktuk zinakuja upande usio wao, nyingine taa moja, nyingine hakuna kabisa. Kwa hivyo masikio yawe wazi. Vile vidude vya muziki viache nyumbani, hata kikiwa kisomo cha Kurani. Kisikilize ukiwa umeketi, kwa adabu yake.

Ukitaka kuvuka, simama. Usidhani. Subiri gari ipite, au uone kwa yakini kwamba imepunguza mwendo kwa ajili yako. Na ukiona gari mbili zinakutana, ujue kwamba katikati ya taa zao wewe hupo. Toka kwenye lami kabisa, hata kama ni hatua mbili kwenye mchanga, ziache zipishane, ndipo uendelee. Kwa mkimbiaji wa usiku hilo ndilo jambo la kwanza, naliweka juu ya utepe.

Ukitoka msikitini kwenye taa za kuwaka, usianze mbio papo hapo. Jicho linachukua karibu nusu saa kulizoea giza barabara. Tembea kwanza. Kuna mitaro isiyofunikwa, na kuna vifuniko vya chuma vya mashimo vilivyoibwa vikauzwa chuma chakavu, sina haja ya kukueleza. Pita njia hiyo hiyo mchana uisome kabla ya kuikimbia usiku.

Nije kwenye saa nyingine ambayo watu hawaihofu, na mimi naihofu kuliko saa nne usiku. Ni ile nusu saa kabla ya futari. Wengi mnapenda kukimbia wakati ule ili mkirudi mkute maji na tende. Lakini tazama barabara ilivyo. Kila dereva ana njaa, ana kiu, kichwa kinamuuma kwa kukosa chai, na amebakisha dakika kumi afike kwa watoto wake. Nimekuwa dereva huyo, najua anavyofikiri; anafikiria maji. Tena huku kwetu karibu na ikweta hakuna magharibi ndefu kama za Ulaya. Jua likizama, dakika ishirini na kitu tu, kiza kimeshika. Gari nusu zimewasha taa, nusu bado. Ukitaka saa hiyo, kimbia ndani ya uwanja uliofungwa. Barabara uiachie wenye njaa.

Na wazee wenzangu mlio na magari, msidhani mazungumzo ni ya watoto peke yao. Tumefundishwa tangu madrasa kwamba kuondoa udhia njiani ni katika imani. Basi futa kioo cha mbele, ndani na nje, kwa sababu vumbi likipigwa na taa linakuwa pazia. Punguza taa ukikutana na mwenzio. Na tukubali umri: jicho la mtu wa miaka 60 linapokea nuru kama theluthi tu ya linavyopokea jicho la kijana wa miaka 20. Yule mkimbiaji wa miaka 18 anapima macho yako kwa macho yake. Mimi siku hizi baada ya isha nakwenda arubaini, wanipigie honi wakitaka.

Mabinti. Nimeletewa karatasi kutoka nyuma ya pazia, imeandikwa, "Ami, na sisi je?" Swali la haki. Najua mnaambiwa usiku si wakati wenu. Mimi nina mabinti watatu, na wa kati anakimbia kuliko kaka zake. Nitasema ninavyofanya nyumbani kwangu, wala sitoi fatwa. Hakimbii peke yake; wanakwenda wanne watano, na mamake au shangazi yake anatembea nyuma yao, naye amepata afya kwa sababu hiyo. Wanakwenda mahali penye watu wengine na taa, hawashiki vichochoro. Buibui jeusi ni sitara njema lakini barabarani usiku ndiyo nguo isiyoonekana kuliko zote, tena refu linakamata miguu. Kwa hivyo ana vazi pana la mazoezi la rangi nyepesi, linaishia juu ya vifundo, suruali ndani yake, na mtandio uliobanwa usimpige usoni. Utepe uko kwenye upindo wa mikono na miguuni. Na binti asiyekimbia, anayerudi tu kutoka taraweh na buibui lake, naye avuke barabara na utepe kwenye mkoba. Mama zetu wanaokwenda msikitini kwa miguu wako hatarini sawa na mkimbiaji, ila hakuna anayewafikiria kwa sababu hawavai raba.

Usalama wa watu nao tusiufiche. Wahuni wapo, wa simu wapo, wa visu wapo. Mkikimbia kundi ni bora. Aliye peke yake asipite njia moja saa ile ile kila siku. Nyumbani wajue umekwenda wapi na utarudi saa ngapi. Simu usiishike mkononi ikiwaka. Iweke ndani ya nguo, pamoja na nauli ya tuktuk ya kurudia, na karatasi yenye jina lako na namba ya mtu wa nyumbani. Ukitaka msaada wa polisi namba ni 999 au 112. Wakikutaka simu, wape simu. Na mbwa akikukimbiza, wewe ukikimbia unamwambia akufuate. Simama, usimkazie macho, rudi nyuma pole pole.

La mwili nitalipitia haraka kwa sababu daktari atazungumza wiki ijayo. Usikimbie na biriani tumboni. Futuru kwa kiasi, salini, zipite kama saa mbili. Maji kunywa kidogo kidogo tangu magharibi mpaka daku, usiyamwage yote mara moja. Ukihisi kizunguzungu, keti. Na ukiona mbio zinakula usingizi mpaka daku inakupita, punguza mbio.

Yule kijana wangu bado anakimbia. Ameoa sasa, na jioni moja mwaka jana nilimpita barabarani nikiwa kwenye pikapu ile ile. Niliona nuru nne zinacheza kwa mbali kabla sijamjua ni nani. Nikapunguza mwendo, yeye akatoka kwenye lami, akasimama mchangani mpaka nikapita, akaniinulia mkono.

Haya, utepe. Nimekuja na rola moja, na jingine liko nyumbani. Ukitaka kipande njoo hapa mbele baada ya dua, vijana wa chama watakukatia: sentimita ishirini kila kifundo, bure. Wa nyuma ya pazia watumeni watoto. Ukikosa leo, nyumba yangu ni ile yenye mlango wa kijani nyuma ya duka la mikate. Hata nikiwa sipo, mama watoto anajua makasi yalipo.